Bunduki Iliyopakwa Samli

Wanaume wa kwetu hawajui kuchagua kitu bila kukiinua kwanza. Mbuzi humwinua, gunia huliinua, na msichana akija kuposwa, isingekuwa aibu, wangemwinua naye. Kikiwa kizito basi ni kizuri, mjadala umefungwa. Ndivyo walivyoichagua ile bunduki, na ndiyo sababu hadi leo nikimsikia mwanamume akisema "hiki kizito, hiki ndicho," natafuta pa kukaa nicheke. Kulia nililia wakati ule.

Ulikuwa mwaka uliofuata mvua kubwa ya El Niño, ile iliyoufanya mto Tana usijue tena kingo zake ziko wapi. Kijiji chetu cha wafugaji, si mbali na Garsen, kiko kwenye ardhi iliyoinuka kidogo, kwa hiyo watu tulipona. Ng'ombe hawakupona. Wengine walizama, wengine walinasa kwenye tope jeusi, na waliobaki wakamalizwa na homa maji yalipoanza kupungua. Zizi langu lilibaki miiba na mavi makavu. Kwetu salamu huanza kwa watu ikaishia kwa mifugo, na mfugaji asiye na ng'ombe akifika hapo kwenye mifugo hana la kujibu. Nilikuwa nikisema "tupo," halafu natazama pembeni.

Nikawa mchuuzi wa maziwa ya watu. Nilikuwa nikiyapokea kutoka kwa wenye ng'ombe wachache waliosalimika, nayabeba hadi Garsen, nayauza kwenye kituo cha magari, narudi jioni na unga. Mama yangu angeniona angeona haya, maana yeye maziwa aliyatoa kwa wageni, hakuyauza. Lakini mama yangu alikufa ng'ombe wake wangali zizini, na mimi nilibaki hai bila hata mmoja.

Kitu kimoja nilikuwa nimekiokoa. Kilikuwa kibuyu cha samli iliyotoka kwa ng'ombe wangu wa kahawia mwenye paji jeupe, yule niliyepewa na baba nilipoolewa. Kwetu ng'ombe mgeni akiingia kwenye zizi lililokufa, hupakwa samli ya ng'ombe wa mwanzo, kwenye paji na mgongoni, ili baraka ya wale waliotangulia imshike naye. Asipopakwa, wazee husema, atakula majani yako na moyo wake utabaki alikotoka. Kibuyu hicho nilikitundika kwenye nguzo ya nyumba, juu ya kitanda, na hata siku tulizolala na njaa sikukigusa. Kilikuwa kinamngoja ng'ombe ambaye sikujua atatoka wapi.

Mume wangu alikuwa homugadi, yaani raia aliyepewa bunduki na serikali alinde kijiji, bila mshahara na bila viatu. Bunduki yake ilikuwa Mark 4, ya zamani, ile ambayo kila ukipiga risasi moja sharti uikoki kwa mkono ndipo upige nyingine. Kitako chake kilikuwa kimelainika kwa shavu lake, na mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya fahali tuliyemchinja wenyewe. Kwa bunduki hiyo aliwafukuza viboko kwenye mashamba ya majirani zetu wa mtoni, na aliwafukuza wezi wa mifugo zaidi ya mara moja. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akipiga, anakoki, ananyamaza, anapiga tena, na alichokilenga hakikubaki kimesimama.

Basi mwaka huo ilipokaribia sikukuu ya Juni, wafanyabiashara wa mifugo wakataka kuichangamsha Garsen baada ya dhiki ile yote. Wakatangaza michezo: kuvuta kamba, mbio, na kwa mahomugadi wa vijiji, kulenga shabaha. Kila kijiji kilete mpigaji mmoja. Ni mchezo tu, walisema, wa kufurahisha watu. Lakini zawadi ya kulenga shabaha haikuwa mchezo. Ilikuwa mtamba mwenye mimba.

Nilimwona wamemfunga nyuma ya soko. Mwekundu, pembe fupi, kiwele kimeanza kujaa. Sitazunguka: nilimtaka yule ng'ombe kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Ng'ombe mmoja mwenye mimba ni zizi. Akizaa jike, baada ya miaka michache una ng'ombe watatu, na ukisalimiwa unajibu. Nilisimama pale na ndoo yangu tupu nikamwambia moyoni, wewe ni wangu, na mume wangu atakuleta, na samli yako iko juu ya kitanda changu inakungoja.

Na ingekuwa hivyo, lau si ami.

Ami alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, na kwa hiyo alikuwa baba kwa mume wangu na kwangu, wa kuheshimiwa na kutobishiwa. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Ujanani aliwahi kuwa kwenye kambi ya wanajeshi, akiwachotea maji wapishi. Hilo la wapishi alikuwa akiliruka. Ukimsikiliza ungedhani majenerali walikuwa hawanywi chai kabla ya kumwuliza vita vitapiganwa wapi. Gari la polisi likipita alikuwa akitaja aina yake, na ndege ikipita angani alikuwa akitaja inabeba mabomu mangapi, na sisi tulikuwa tukiitikia, maana debe tupu haliachi kuvuma na ukilipinga ndiyo huvuma zaidi.

Kituo cha polisi kilikuwa kimeletewa bunduki za G3, kuukuu lakini nzima, zile kubwa zinazojipakia zenyewe: ukishapiga, risasi nyingine imeingia, wewe ni kufyatua tu. Sajini akatangaza kwamba kijiji kinachotaka kubadilisha bunduki kabla ya mashindano kije kichague. Atakayekuja akumbuke kwamba serikali inatoa bunduki na risasi chache, basi. Mafuta, mkanda, kitambaa cha kusafishia, kila kijiji kijitafutie. Na vijiji vyetu mwaka huo vilikuwa havina hata chumvi.

Ami alisikia "kubwa" akasikia "zinajipakia zenyewe", akalala macho wazi. Asubuhi akamjia mume wangu.

"Hiyo ya kukoki ni bunduki ya mzee," akamwambia. "Twende tukachukue ya mwanamume."

Mimi nilikuwa nachuja maziwa. Nikasema, "Baba, hii ameizoea. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao ni wa kuswalia," ami akasema. "Sisi tunakwenda vitani."

Vitani. Kulikuwa na mbio za magunia na kuvuta kamba.

Nilikwenda nao kwa kuwa kituo kiko njiani kwangu. Sajini alikuwa ametandika turubai uani, na bunduki zimelazwa juu yake zimepangwa. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kupenda kutania. Akawaambia wachague kwa nafasi, wainue, waweke begani, wavute kufuli, kile chuma kinachoingiza risasi, waone kama linateleza. Mume wangu akachukua ya kwanza iliyokuwa karibu, akaiweka begani, akavuta, akafunga jicho. Nikamwona amefurahi. Bunduki ilikuwa imemkaa.

"Weka chini," ami akasema.

Akaanza kuzizunguka zile bunduki kama yuko mnadani. Nakwambia alizikagua kama fahali. Aliziinua moja moja na kuzipima uzito. Aliziinamia akazitazama mdomoni, kwenye tundu la mtutu, kama anayehesabu meno. Akazipapasa mgongo. Moja akainusa. Nyingine akaigonga kwa kijiti akasikiliza, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye alitaka ilie nini. Mwisho akasimama mbele ya iliyokuwa nyeusi kuliko zote, nzito kuliko zote, ambayo kitako chake kilikuwa kimepasuka kikafungwa kwa waya.

"Hii," akasema. "Hii ina damu."

Sajini akamwambia, "Mzee, zote ni za kiwanda kimoja. Risasi ni ile ile. Hiyo ni nzito kwa sababu ya waya."

"Wewe kijana," ami akasema, "mimi nimekaa kambini."

 Nikamtazama mume wangu, naye akatazama viatu vya sajini. Mtu huyu alikuwa akimkabili mbogo kwa miguu yake miwili, lakini mbele ya ami yake ulimi ulikuwa ukiingia mfukoni. Desturi ni nzuri, lakini kuna siku nilitamani ingekuwa na mlango wa nyuma.

Nitasema haki. Ile bunduki haikuwa mbaya. Siku ya mazoezi walipewa risasi chache, na mume wangu akaenda nayo kwenye tuta la udongo nje ya mji ambako mashindano yangefanyika. Mpango ulikuwa huu: kila mpigaji ana risasi tano, na sajini anapuliza filimbi ya kuanza na filimbi ya kumaliza. Kati ya filimbi mbili hizo hakuna muda mrefu. Mwenye bunduki ya kukoki akiwa na bahati atapiga zote, lakini mwenye G3 atapiga zote na kupangusa jasho. Mume wangu alipiga zake zote zikaingia kwenye duara la makaa walilochora kwenye boksi. Akageuka akacheka, mtu ambaye sikumbuki kumwona akicheka tangu gharika. Nikaanza kuamini. Usiku huo nilimwambia tutamjengea mtamba zizi jipya upande wa mashariki, mbali na lile la wafu, na yeye akasema miiba ataikata kesho.

Alipokuwa anakusanya maganda ya risasi siku ile, sajini alimwambia kitu kimoja, na ami alikuwa pale na masikio yake mawili. "Bunduki hizi zinajipakia zenyewe, kwa hiyo zinataka usafi. Ndani pakauke, na tone la mafuta mepesi tu. Kama hamna mafuta ya bunduki, hata ya cherehani yanafaa. Kichupa kidogo kinatosha."

Ami akasema kamati haina bajeti ya vichupa.

Mimi nikasema nitaangalia. Siku moja kabla ya sikukuu, nilipomaliza kuuza, nilimpitia fundi wa nguo pale Garsen, nikampa maziwa yaliyobaki kwenye ndoo, naye akanimiminia mafuta ya cherehani kwenye kichupa cha dawa ya macho. Nilikifunga kwenye pindo la leso na kurudi nyumbani kwa furaha. Njiani nilikuwa nikikigusa kila mara kuhakikisha hakijamwagika.

Nilipokaribia nyumbani nikasikia harufu. Kwetu vibuyu vya maziwa husafishwa kwa moshi. Unachukua kaa la mti wenye harufu nzuri, unalitia ndani ya kibuyu, unatikisa, unaziba, moshi unakaa, na maziwa hayaharibiki upesi. Ilikuwa harufu hiyo. Nikajiuliza ni nani anayenifukizia vibuyu, maana mwanamke mwingine pale kwangu hayupo.

Alikuwa ami. Ameketi uani kwangu kwenye kigoda changu, ile bunduki ameipakata, tundu lake limeelekezwa juu ya kaa, na moshi unaingia huku unatokea kule. Mume wangu amechuchumaa kando yake. Bunduki ilikuwa inang'aa kuanzia mdomoni hadi kwenye waya, inatiririka, na mikono ya ami ilikuwa inang'aa hadi viwikoni. Na kando ya kigoda kulikuwa na kibuyu kimelala ubavu.

Nilikiokota. Nikakitikisa. Nikaingiza kidole.

"Baba," nikasema, "hii ilikuwa ya ng'ombe wangu."

"Najua," ami akasema kwa furaha. "Ndiyo maana nimeitumia yote. Kitu kipya kikiingia nyumbani hupakwa. Nimepaka nje, nimemimina ndani. Kufuli nimelilowesha. Sasa hii bunduki ni ya nyumba hii, na baraka ya ng'ombe wako imo ndani yake. Mafuta ya dukani ya nini?"

Nilimtazama mume wangu. Akasema, polepole, "Alikwisha anza nilipokuja."

Alikwisha anza. Na wewe ukachuchumaa kumshikia kaa.

Sikupiga kelele. Niliingia ndani, nikakitundika kibuyu kitupu pale pale juu ya kitanda, nikakaa chini nikalia kwa hasira, kimya, leso mdomoni. Nilimlilia ng'ombe wangu wa paji jeupe mara ya pili. Mara ya kwanza maji yalimchukua, na maji hayana akili. Mara hii alichukuliwa na mtu mwenye kofia na fimbo ya uenyekiti.

Ami alipoondoka, mume wangu akaja na kitambaa. Tukajaribu kuipangusa. Nje ilipanguswa, ikabaki inanata kidogo. Ndani, moshi na samli vilikuwa vimeshikana, vimekuwa kitu cheusi kinachonata, na kila tulipokisukuma kitambaa kilitoka na kidogo, na kingi kikabaki. Nikampa kile kichupa. Akatia tone, akatia jingine, akavuta kufuli. Likaenda, likarudi, kwa uzito.

"Kesho asubuhi mapema urudishe hii," nikamwambia. "Mwambie sajini akupe Mark 4 yako. Iko kwake, bado hajampa mtu."

"Na ami?"

"Ami hapigi."

Akasema atazungumza naye. Nami nikajua hapo hapo hatazungumza.

Asubuhi ya sikukuu kulikuwa na baridi kidogo na upepo. Yeyote aliyepita uwanda wetu baada ya mafuriko anajua kwamba lile tope jeusi likikauka huwa vumbi jembamba kuliko unga wa ngano, na upepo ukivuma mtu analila. Tulitembea kwenda Garsen katika vumbi hilo, ami mbele na fimbo, mume wangu nyuma yake na bunduki begani, mimi nyuma yao na ndoo. Nikaiona bunduki inabadilika rangi njiani. Ilitoka nyumbani nyeusi ikafika mjini ya kijivu, kwa kuwa vumbi lote la njia lilikuwa limepata pa kukaa.

Pale uwanjani nilimshika mume wangu mkono mbele za watu, jambo ambalo halifanywi, nikamwambia, "Kabadilishe. Sasa hivi."

Ami akasikia. "Mtu abadilishe silaha iliyobarikiwa kwa sababu ya maneno ya mwanamke?" akasema kwa sauti, ili na wengine wasikie. Wanaume wawili watatu wakacheka. Mume wangu akautoa mkono wake kwenye wangu, taratibu. Nikaenda kusimama karibu na yule mtamba. Walikuwa wamemleta hapo uwanjani na utepe shingoni. Nikamkuna nyuma ya sikio akainamisha kichwa.

Walipiga wa Golbanti, wa Ndera, wengine. Wengi walikuwa na G3 na wengi walipiga vibaya, kwa kuwa waliona zinajipakia zenyewe wakadhani zinalenga zenyewe pia. Alipopiga wa Kulesa watu walitabasamu. Alikuwa mkulima wa makamo, mrefu, na Mark 4 iliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Alipiga, akakoki, akatulia kama mtu anayesubiri uji upoe, akapiga. Filimbi ya mwisho ilimkuta na risasi mbili hajazipiga. Lakini zile tatu zote zilikuwa ndani ya duara.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, hata ami aliiweza. Mume wangu, ambaye mazoezini aliziingiza zote tano, alitakiwa aingize nne.

Akalala chini. Filimbi ikapulizwa. Akapiga, na ile risasi ya kwanza ikapita katikati kabisa ya duara, hadi watu wakasema ahaa. Mimi nikasema alhamdulillahi, kwa sauti, nikiwa nimeshika kamba ya mtamba.

Halafu ikawa kimya. Akafyatua tena, hakuna kitu. Kufuli lilikuwa limerudi nyuma nusu, likakwama hapo katika ule uji wa samli, masizi na vumbi. Akalivuta. Halikuja. Akalisukuma kwa kiganja. Halikwenda. Nikaona mgongo wake unatota jasho.

"Igonge!" ami akapaza sauti. "Igonge kitakoni!"

Filimbi ya mwisho ikapulizwa akiwa bado analivuta kwa mikono yote miwili.

Sajini akaja, akaichukua ile bunduki kwa uangalifu, akaielekeza kwenye tuta, akahangaika nayo hadi ikafunguka. Akatia kidole ndani, akakitoa cheusi. Akakinusa. Akanusa tena, maana hakuamini.

"Hii ni bunduki au ni sufuria?" akauliza. "Nani amekaangia humu?"

Uwanja mzima ulicheka. Walicheka wa Golbanti, wakacheka wenye maduka, wakacheka wanaume wa kijiji chetu wenyewe, wale wale waliocheka mimi niliposhika mkono wa mume wangu. Mume wangu alibaki amelala pale chini, uso kwenye vumbi, na alipoinuka hakunitazama. Ami alikuwa tayari anaeleza. Alisema kosa ni la waliotengeneza, kwamba Wazungu hutengeneza vitu vya nchi za baridi, na kwamba bunduki ya kweli isingekataa samli.

Mtamba wakaufungua utepe wake, wakampa wa Kulesa kamba. Niliiachia mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa bado nimeishika. Yule bwana akaishika kwa vidole viwili, akamtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama. Kisha akanigeukia. Alikuwa ananifahamu kwa maziwa.

"Mama," akaniambia, "mimi ni mtu wa mpunga na ndizi. Huyu nitamlaza wapi, jikoni?"

Mnaijua desturi yetu, na kama hamuijui ni hii. Mkulima wa mtoni akipata ng'ombe humweka kwa mfugaji. Mfugaji anamchunga na kumkama, maziwa ni yake. Ng'ombe na ndama hubaki wa mkulima. Alinitaka mimi nimtunzie.

Nikakubali. Ningefanya nini? Jioni hiyo mtamba aliingia kwenye zizi jipya la upande wa mashariki, kama nilivyopanga, nikiwa nimemshika kamba, kama nilivyoota, na hakuwa wangu. Nilikitungua kibuyu, nikakwangua kwa kijiti, hakikutoa hata cha kupaka kucha. Basi sikumpaka kitu. Hata hivyo nani hupaka ng'ombe wa watu baraka ya wafu wake?

Akazaa mvua fupi zilipoanza. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu alizaa jike, mzuri, mwekundu, na kwenye paji lake ana doa jeupe. Nilikaa naye kwenye majani nikampangusa kwa mikono yangu. Bwana wa Kulesa akaja na mkungu wa ndizi kumtazama ndama wake, akafurahi, akasema akiachishwa ziwa atakuja kumchukua, ana shemeji anayeoa na anadaiwa mahari.

Mume wangu hakuitaka tena G3. Aliirudisha, akapewa Mark 4 yake, na tangu siku ile akijiwa na ami huwa anakumbuka kwamba ana miiba ya kukata. Hilo lilikuwa ndilo jibu lake kwa ami kwa miaka yote iliyobaki.

Ami mwenyewe alikuja baada ya ndama kuzaliwa, dang'a la manjano lilipokwisha na maziwa kuwa meupe. Kwetu mzee wa ukoo ndiye hupewa kikombe cha kwanza cha ng'ombe aliyezaa, na ami, kwa haki zake, hakuwahi kuchelewa. Akaketi kwenye kigoda kile kile. Akaanza kunieleza jinsi wale wa kambini walivyokuwa wakizipaka bunduki zao mafuta ya nguruwe, na kwamba tatizo la samli yangu lilikuwa kukaa sana.

Nikamwacha aeleze. Nikatia maji motoni, nikatia majani, nikatia sukari ya kutosha, nikamletea kikombe kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama inavyompasa mke wa mwana. Akakipokea. Akakitazama. Ilikuwa chai ya rangi, nyekundu, isiyo na tone la maziwa, na nyuma yangu ndoo ilikuwa imejaa inatoa povu. Mfugaji ambaye hajanywa chai ya rangi kwa mtu mwenye ng'ombe wa kukamwa hajui kutukanwa ni nini.

"Binti," akasema taratibu, "na maziwa?"

"Ndama ni wa Kulesa, baba," nikasema. "Maziwa ni yangu. Na fungu lako wewe ulishalipaka kwenye bunduki."

Alikunywa ile chai yote. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akatazama kule zizini, ambako ndama alikuwa ananyonya, paji lake jeupe limegandamana na tumbo la mama yake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile, nikamwona ami anakiokota kikombe chake mwenyewe na kwenda kukisuuza.